Kijiji kilinitenga kwa ng'ombe waliofia joshoni, nikajitetea kwa sentensi mbili juu ya mwongozo wa kutuma patch

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa na wadogo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo naandika yaliyonikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipokosea mimi nitasema nimekosea mimi. Majina ya wahusika nitayataja. Wao hawakunionea haya, na mimi siwaonei.

Mods msiuhamishie huu uzi jukwaa la mifugo. Ng'ombe wamo, lakini kesi yenyewe ni ya kompyuta.

Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mtakaotaka kunisahihisha uandishi, nafasi ipo, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Mbulu, upande wa Tumati. Kijiji sikitaji. Kazi yangu ilikuwa kusimamia josho, lile bwawa la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Majosho serikali ilikuwa imeyaachia vijiji tangu enzi za ruksa, na mpaka mkoa unakatwa toka Arusha tukaitwa Manyara, la kwetu lilikuwa limebaki shimo lenye vyura. Tukachanga nguvu tukalifufua. Mimi nikapewa kuchanganya dawa, maana marehemu baba aliifanya kazi hiyo na nilikuwa namshikia ndoo.

Kupima kwangu ni kwa fimbo. Nina fimbo yenye alama, naichovya, naona maji yamepungua kiasi gani, naongeza maji, naweka dawa ya yale maji niliyoongeza. Miaka sita sikuua hata ndama.

Sasa mhusika wa kwanza. Anaitwa Bonifasi, mwenyekiti wa kamati ya josho. Huyu alienda semina Babati siku tatu akarudi na programu ya bure ya kukokotoa dawa ya josho. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, wapo kila mahali, wanawasiliana kwa email. Alikuwa na kompyuta moja ya ofisi ya kijiji, inawashwa na sola.

Akaniambia mbele ya watu, "Kuanzia leo hesabu ni ya mashine. Fimbo yako kaswagie mbuzi."

Sikukataa. Na niseme ukweli, mwanzoni programu ilikuwa sawa. Nilikuwa nalinganisha na fimbo kimyakimya, namba zinakubaliana.

Halafu likaja toleo jipya. Bonifasi akalipakia mwenyewe, kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Josho letu linabeba lita elfu kumi na mbili. Wiki ile niliongeza maji lita elfu mbili. Programu ikanitajia dawa nyingi mno. Nikaenda kwa Bonifasi, nikamkuta karibu na kisima, watu wanateka maji.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, hii dawa ni ya josho zima. Mimi nimeongeza maji kidogo tu."

"Wewe umesomea wapi hesabu?"

"Kwa baba."

"Basi hii imesomewa chuo kikuu. Weka."

Nikaweka. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Mkono uliomimina ni huu ninaoandikia. Wiki ya pili nikaweka tena, na ya tatu.

Siku ile ya wiki ya tatu ng'ombe walitoka majini wakaanza kutetemeka na kutoka mate. Kufika jioni walikuwa wamekufa saba. Wawili wangu, wawili wa mfugaji mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa amepandisha mifugo toka tambarare za Hanang, watatu wa majirani.

Bonifasi alifika, akaangalia, akasema, "Huyu alizidisha dawa. Nilimwambia afuate mashine."

Ndivyo alivyosema wakuu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Kwenye kikao cha wazee nilisema mashine ndiyo iliyokosea. Mzee Lohay, ambaye ndiye mkubwa wa wazee wetu, akaniuliza kama mashine inaweza kuja kikaoni kusema yenyewe. Nikasema haiwezi. Akaniuliza kama wenye mashine wanaweza kusema. Nikasema nitawatafuta.

"Basi watafute," akasema. "Mpaka waseme, kaa peke yako."

Nikatengwa.

Kwa wasiojua, kutengwa kwetu siyo kupigwa. Hakuna anayekugusa. Husalimiwi, na ukisalimia huitikiwi. Mke wangu alienda mashine ya kusaga na debe lake likawa linarukwa, debe la nyuma yake linasagwa. Kanisani tulikaa benchi letu wenyewe, pana kama uwanja. Gari linalokwenda Dongobesh lilikuwa linapita, dereva anaangalia mbele kama mtu mwenye shingo ya mbao.

Hayo yote yanavumilika. Lisilovumilika ni msiba. Ukifiwa ukiwa umetengwa, haji mtu. Unachimba kaburi mwenyewe na unabeba mwenyewe.

Na mama yangu alikuwa kitandani. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye nyonga, hospitali walishasema turudi naye nyumbani. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Kuna mtu amekusalimia?" Nasema bado mama. Anasema, "Basi leo sifi." Halafu anaomba uji.

Kwa hiyo nilikuwa na haraka.

Nilitembea mpaka Dongobesh. Pale kuna dada anaitwa Paskalina, ana stationery, anatoa kopi na kupiga chapa barua. Alisomea kompyuta Babati, na alikuwa na modem. Yeye siyo wa kijiji chetu, kwa hiyo kutengwa kwangu hakukumhusu. Nilipoingia akasema, "Shikamoo kaka." Ilibidi nikae kwanza.

Nikamweleza. Akaipakua ile programu, akafungua maandishi yake ya ndani. Mimi Kiingereza sijui, yeye josho halijui. Akawa anasoma mstari, ananiambia unachofanya, mimi nasema ndiyo au hapana. Siku ya pili tukaupata. Ni mstari mmoja. Palipotakiwa kuwekwa maji yaliyoongezwa, kwenye toleo jipya pamewekwa ujazo wa josho zima. Neno moja tu wakuu. Ng'ombe saba.

Paskalina akalibadilisha, akatengeneza patch. Ni kiraka tu, kimaandishi kinachosema mstari huu utoke, huu uingie. Akasema kinatumwa kwa email kwenye orodha yao, inayosomwa na wote waliojiunga, anakipokea mtu anaitwa Kelvin.

Mhusika wa pili huyo. Kelvin. Anakaa Arusha mjini, ndiye msimamizi wa viraka. Sura yake sijawahi kuiona.

Kabla ya kutuma tulisoma mwongozo wao wa Kiswahili. Ulisema hivi: "Anza kwa kueleza tatizo na mazingira yake kikamilifu, kisha weka vistari vitatu, kisha kiraka chako."

Sawa. Nikaeleza kikamilifu. Niliandika:

"Ndugu Kelvin, kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi naisubiri yako. Habari za Arusha na za wazazi. Sisi huku Mbulu hatujambo isipokuwa mama anaumwa mguu. Mvua zilikuwa za wastani, maharage yametoka. Naomba radhi kukuingilia kazini. Nimekuja kwa jambo la josho."

Halafu ndiyo nikaeleza kosa, vistari vitatu, na kiraka.

Jibu lilikuja kesho yake. "Imekataliwa. Soma mwongozo kabla ya kutuma."

Hakunisalimia hata yeye.

Nikamuuliza Paskalina, huyu ana nini. Akasema labda tumemwingilia haraka. Na mimi nikaona hivyohivyo. Kwetu mkubwa akikukatalia jambo mlangoni, maana yake hukubisha hodi vizuri. Hapo hupunguzi maneno, unarudi na heshima zaidi.

Kwa hiyo ya pili niliongeza. Niliuliza ukoo wake. Nilitaja ukoo wangu na babu zangu wawili, na kwamba sisi hatuna ugomvi na mtu wa Arusha. Paskalina alichapa mpaka akaomba maji.

Jibu: "Imekataliwa. Soma mwongozo."

Mara ya tatu nikafanya kama mtu anayeposa. Nikamtanguliza Paskalina kama mshenga. Akamwandikia Kelvin email yake mwenyewe kwamba hapa nina mtu mzima, ana jambo, anaomba siku ya kuongea na wewe. Hakujibu kabisa. Tukangoja siku tisa. Mnacheka, lakini mimi kila siku ya hizo tisa nilikuwa natembea kwenda Dongobesh na kurudi, na nyumbani kuna mgonjwa anayenisubiri nisalimiwe ndipo afe.

Mwishowe Paskalina akachoka na adabu zangu. Akaandika mstari mmoja: "Kosa letu ni nini?"

Na hapo ndiyo Kelvin akaeleza. Akasema mashine yao ikipokea email, kila kilicho juu ya vile vistari vitatu inakinakili kwenye daftari la kudumu la programu, hakifutiki. Kilicho chini ya vistari, kabla ya kiraka chenyewe, watu wanakisoma halafu mashine inakitupa.

Akamalizia, "Sasa mkuu, unataka dunia nzima isome milele kwamba mama yako anaumwa mguu?"

Nikamjibu kwamba sikujua. Nikasema pia kwamba kama ningeambiwa hivyo siku ya kwanza ningekuwa nimeshamaliza.

Tukatuma tena. Kosa juu, vistari, salamu chini. Saa mbili baadaye kikapokelewa. Tena akajibu kwa heshima: "Asante, hili ni kosa kubwa, limetuponyoka. Pole kwa mama. Shikamoo."

Kwa hiyo ni mdogo kwangu. Wiki tatu nzima nilikuwa nambembeleza mdogo wangu.

Nilirudi kijijini na karatasi aliyonichapia Paskalina, kwamba wenye mashine wamekiri. Nikaipeleka kwa Mzee Lohay. Bonifasi alikuwa amenitangulia.

Katika zile wiki tatu, watu wa josho moja upande wa Masieda nao walipata toleo lile jipya. Wamekufa ng'ombe wanne.

Bonifasi akasema kikaoni, "Tuseme mashine ilikosea. Huyu alijua lini? Alijua siku nyingi. Aliwaambia wenye mashine lini? Karatasi inasema juzi. Alikaa na jambo mfukoni watu wa Masieda wakafa ng'ombe. Huyu siyo wa kurudishiwa salamu."

Yule jamaa ana akili. Nimeshasema nataja ukweli, huo nao ni ukweli.

Nikasema nilituma mara tatu, nikarudishwa. Mzee Lohay akauliza nilirudishwa kwa kosa gani. Nikasema kwa kusalimia.

Kikao kizima kiliniangalia. Mzee mmoja akamwambia jirani yake, polepole lakini nikasikia, "Kichwa kimeanza kuondoka."

Hakuna mtu kwetu atakayeamini kwamba umefukuzwa mlangoni kwa sababu ya shikamoo. Na mimi nisingeamini. Mzee Lohay akasema, "Leta neno lao wenyewe, kwamba kuchelewa ni kwao na siyo kwako. Nakupa mpaka mnada ujao."

Siku kumi na mbili. Mama alikuwa ameacha uji, anakunywa maji ya mchele.

Nikarudi kwa Paskalina. Nikamwambia nataka kutuma kiraka kingine, ila safari hii siyo cha programu. Nataka kutengeneza ule mwongozo.

Hapa ndipo penye mhusika wa tatu, naye siyo mtu. Ni ile sentensi ya "kueleza tatizo na mazingira yake kikamilifu". Aliyeiandika alijua anachotaka. Hakumfikiria anayesoma. Mtu wa kwetu ukimwambia aeleze mazingira kikamilifu, atakuanzia kwa babu yake, na atakuwa ametii.

Kumbe mwongozo nao unapokea kiraka, kwa email ileile, kwa daftari lilelile. Na juu ya vistari unaandika sababu ya mabadiliko, nayo inabaki milele na jina lako. Mimi hiyo sababu ndiyo niliyokuwa naitaka.

Niliandika juu: "Mwongozo haukusema salamu ziwekwe wapi. Kwa hiyo kiraka cha kurekebisha dawa ya josho, kilichotumwa mapema, kilirudishwa mara kwa mara na kuchelewa."

Kelvin akajibu wazo ni zuri, ila maneno yabadilishwe. Alitaka iwe: "Mtumaji hakuelewa mwongozo."

Nikakataa.

Akaleta: "Kulitokea kutoelewana."

Nikamwambia kutoelewana ni kwa watu wawili waliokosea wote. Mimi nilifanya nilivyoambiwa.

Na kwenye sentensi yenyewe ya mwongozo tukavutana pia. Yeye aliandika "Usiweke salamu." Fupi, safi. Nikamwambia ukiandika hivyo, mtu wa Mbulu hatatuma kabisa. Atakaa na kosa lake nyumbani kuliko kuonekana hana malezi, na siku moja hilo kosa litaua watu, siyo ng'ombe. Akaandika "Salamu si lazima." Nikasema kwetu ni lazima. Akaandika "Salamu ziwe fupi." Paskalina akamuuliza fupi ni kiasi gani.

Toleo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kurekebisha dawa kulichukua saa mbili. Kurekebisha maneno ilikuwa siku ya nane na bado.

Siku ya tisa akajitokeza mama mmoja wa Iringa kwenye ile orodha, mtunza ghala la mbegu anayetumia programu yao nyingine. Akasema, "Mimi nilirudishwa mara mbili mwaka jana kwa salamu. Nikadhani viraka vyangu ni vibaya. Niliacha kutuma." Baada yake akaja mzee wa Kagera, yeye mara nne. Akasema alikuwa anamwombea Kelvin kanisani apunguze hasira.

Walikuwa sita kwa jumla. Kila mtu alikuwa anajua ni yeye peke yake.

Kelvin akasoma email zao zote. Halafu akaandika, "Nakubali. Kosa ni la mwongozo, na mwongozo niliuandika mimi." Akapokea maneno yangu ya juu kama yalivyo, hakugusa hata nukta. Namtaja kwa ubaya na hili nalitaja.

Na mwongozo mpaka leo unasema hivi: "Juu ya vistari vitatu andika kosa na marekebisho yake tu, maana hayo yanabaki kwenye kumbukumbu. Salamu, habari za nyumbani na shukrani ziandike chini ya vistari. Tutazisoma sisi, na mashine itaziacha."

Yale maneno "tutazisoma sisi" ndiyo yaliyochukua siku nne.

Siku ya kikao Paskalina alifunga duka akaja mwenyewe na karatasi. Alisoma ile sababu, na tarehe za email zangu tatu, na majibu. Aliposoma "Imekataliwa. Soma mwongozo", Mzee Lohay akamsimamisha.

"Huyo kijana hakuitika shikamoo?"

"Hakuitika, babu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya tatu alinyamaza."

Mzee akamgeukia Bonifasi. "Na wewe huyu alipokuambia dawa ni nyingi, ulimjibu nini?"

Bonifasi akasema hakumbuki.

"Mimi nakumbuka," akasema mke wangu, toka walikokaa akina mama. "Alisema mashine imesomewa chuo kikuu. Nilikuwa kisimani, nilisikia."

Hapo wakaanza kukumbuka wengi.

Nikarudishwa. Sikuombwa radhi, kwetu wazee hawaombi radhi, wanakusalimia tu na unajua yameisha. Bonifasi alibaki na uenyekiti wake mpaka muda wake ulipokwisha. Wale ng'ombe wangu wawili hakuna aliyewazungumzia tena.

Nilipofika nyumbani mama akaniuliza. Nikamwambia wamenisalimia wote, nimeitikia mpaka koo limekauka. Akaniuliza na Bonifasi je. Nikasema na yeye.

Alifariki wiki ileile, Alhamisi, mchana.

Watu walijaa mpaka kwenye shamba la jirani. Wanaume wa kuchimba walikuwa wengi kuliko majembe. Bonifasi alichukua sururu akashuka shimoni wa kwanza, na sehemu ile ina mawe. Alichimba vizuri. Siwezi kumnyima hilo.

Somo langu wakuu. Ukiandika maelekezo ya kazi, kabla hujayatoa mpe mtu wa mbali asiyekujua ayasome mbele yako, umwone anakwama wapi. Akikosea, kwanza soma tena ulichoandika wewe. Na wewe unayekataliwa, usikae na aibu peke yako ukidhani mbaya ni wewe. Uliza kosa ni nini, kwa mstari mmoja, siku ya kwanza. Mimi niliuliza wiki ya tatu, na wale wanne wa Masieda nawahesabu ni wangu kwa sehemu.

Na kama mashine inakuambia umimine kitu ambacho mkono wako unajua ni kingi, usimimine.

Nimemaliza. Waliowahi kurudishwa na mwongozo wasiouelewa, uwe wa chuo, wa benki au wa kompyuta, leteni habari zenu hapa chini. Wanaomtetea Kelvin nao waje, nitawajibu mmoja mmoja.